Baba Hatazami Mbali

Jumamosi nilimkatia baba tiketi ya kupanda juu
ya lile jumba la mikutano, la mviringo,
ambalo wanangu huchora wakiambiwa wachore Nairobi.
Mlangoni mashine ikalia. Askari akapapasa koti,
akatoa pimamaji, ndogo, rangi imebanduka.
"Mzee, hii ya nini?"
"Ya kazi."
"Na huku juu, ni mara yako ya kwanza?"
Baba akafikiri. "Kwa tiketi, ndiyo."

Lifti ikapaa, masikio yakaziba.
Muthoka wa Nzuki, miaka sabini na miwili,
akahesabu ghorofa kwa midomo tu.
Alipanda hapa akiwa na kumi na tisa,
karai la zege begani, ngazi za mbao,
na siku ya mwisho walipanga foleni, wakalipwa,
geti likafungwa nyuma yao.

Juu, upepo unakupokonya neno kinywani.
Wanafunzi kutoka Bomet wanagombania darubini ya mwalimu.
Nami nikajifanya mtembeza wageni:
kule Ngong, ngumi iliyokunjwa;
kule mbugani, twiga, ikiwa macho yanafika;
barabara ile ya angani, hiyo hulipiwa;
na yale mabati yanayometameta, Mukuru,
nilikopanga chumba mwaka ule, sikukwambia.

Baba hatazami mbali.
Amechuchumaa ukingoni, kiganja sakafuni,
anafuata ufa mwembamba kama unywele.
"Hapa zege liliwahi kukauka. Ilikuwa Ijumaa.
Kisilu alikwenda kumzika mamake,
nikachanganya peke yangu."
Nikampiga picha. Imetoka kofia na mgongo,
na mji mzima nyuma kama pazia la studio.

Alasiri, makumbusho ya reli.
Akagonga tumbo la garimoshi kwa kifundo cha kidole
kama anayechagua tikiti maji.
"Ndilo lililotupita," akasema.
Hakuongeza.

Nilielewa kesho yake,
tulipokata kushoto pale Kyumvi
na vilima vikasogea kutupokea kama mashangazi.
Machakos. Jumapili, kengele, mahindi ya kuchoma.
Maduka ya kale yamechongwa mwaka kwenye paji,
moja tarakimu yake ya mwisho imemeguka,
basi halizeeki.
Sasa zamu yake kunitembeza:
"Serikali ilianza kulala hapa kabla ya kule.
Reli ikapita uwandani,
makarani wakafunga mafaili, wakaifuata.
Huyu ndiye kifungua mimba.
Yule mdogo wake ndiye aliyepewa shamba lote."
Kisha akanionyesha, si boma, si kanisa,
bali ngazi tatu mbele ya duka la vitambaa
ambapo mama yangu alikuwa akiuza viondo,
na hakumpunguzia hata senti kumi.

Jioni tukapanda Kituluni.
Kijana aitwaye Mumo akafungua chupa,
akamwaga maji barabarani.
Polepole, yakibeba vumbi na sisimizi mmoja,
yakapanda mlima.
Nikaanza kueleza: ni macho tu, baba,
mteremko hapa hudanganya, niliwahi kusoma...
Naye ameshachuchumaa. Ametoa pimamaji,
ameilaza juu ya lami, amekaza jicho
kwenye kiputo kile kidogo cha kijani.
Mumo kanyamaza, chupa mkononi.

Baba akatazama
muda mrefu kuliko alivyoitazama Nairobi.
Akaipangusa kwa mkono wa shati, akairudisha kotini.
"Imesemaje?"
"Imesema mpe kijana hamsini yake."